Wavu wa Omena Juu ya Magugu

Mimi na binamu yangu tulijifunza kuogelea mtoni, kule Migori, ambako ukichoka unajiachia tu, maji yanakupeleka ukingoni. Likizo moja ya miaka ya tisini tulienda kwa shangazi Homa Bay, tukadhani ziwa nalo lina adabu hiyo.

Tulipoingia majini, magugu maji yalikuwa mbali, kijani kama shamba la mtu. Upepo ukageuka. Nilipotazama nyuma, shamba lilikuwa limekaa kati yetu na ufuo. Nikajaribu kupenya, mizizi ikanishika miguu kama nywele. Binamu yangu aliniita mara moja, kisha nikasikia akipiga maji tu.

Ufuoni kulikuwa na mama tusiyemjua, akianika omena juu ya wavu. Aliunyanyua wavu wake mzima, samaki wakamwagika mchangani, akautandaza juu ya magugu, akalala kifudifudi na kutambaa kuja kwetu.

"Wewe, rudi! Yatakumeza!" wenzake walipiga kelele.

"Shikeni huo mwisho, mdomo baadaye!"

Kisha uso wake ukawa juu yangu. "Nyathina, mwanangu, leta mkono."

Niliutoa. Ili nimfikie nilijisukuma juu, na mguu wangu ukakanyaga kitu laini kilichozama. Mzizi? Hadi leo sijui. Najua tu kwamba nilipopanda wavuni binamu yangu hakuonekana, na yule mama alizamisha mkono hadi kwapani, akapapasa, akamvuta kwa kola ya gauni.

Mchangani binamu yangu alitapika maji, akalia. Kuku walikuwa wakidonoa omena. Mama akauliza tumetoka wapi, nikasema Migori.

"Watu wa mto nyinyi," mama akasema akihema, "ziwa mnalijulia wapi? Haya, okoteni."

Tukaokota. Nilitaka kusema asante, ikatoka nyingine: "Mama, mbona ulinishika mimi kwanza?"

Akanikazia macho. "Kwani nilichagua? Mkono uliokuwa juu ni wako."

Jioni shangazi alimpaka binamu yangu mafuta begani, penye alama nyekundu.

"Hapa uligonga nini?"

"Sijui," akasema, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua.

Nikasema labda ni kamba ya wavu. Akakubali upesi mno.