Neno Refu Kichwani mwa Achieng

Jamani, leo nimesuka Kizungu!

Asubuhi mjukuu wangu Achieng analia. Mwalimu kasema asipotamka "responsibility" sawasawa, hatasoma mbele ya wazazi Ijumaa.

Mimi darasa sijawahi kuingia. Lakini kichwa chenye nywele nyingi unakigawa, na neno refu vilevile, sivyo?

Nikamkalisha nimsuke. "Kila nikivuta, sema kipande."

"Ris! Nyanya, unaniumiza!"

"Hicho si kipande. Endelea!"

"Pon! Si! Bi! Li! Ti!"

Mchana karudi mbio. Kalitamka lote, kichwa kikiruka kila kipande kana kwamba bado namvuta! Darasa likacheka, mwalimu akacheka, na Ijumaa anasoma.

Sasa mlango wangu hapa Kaloleni umejaa wasichana na vitana, kila mmoja na neno lake.

Majirani, njooni mnisaidie. Kuna mmoja ana neno refu na nywele fupi!