Bingwa wa Theluji na Goti la Mdogo Wangu

Mgeni wetu alikuwa ameshinda mashindano mengi ya kuteleza kwenye theluji kuliko mwanamke yeyote wa nchi yake, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaeleza watu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka maana ya jambo hilo. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na Kifaransa na digrii ya Bukavu, vitu viwili ambavyo tangu vita vitutoe Uvira havikuwa vimenipatia hata kazi ya kubeba mahindi.

Alisimama kanisani, akasimulia jinsi baba yake alivyomfunga mbao miguuni akiwa na miaka mitatu. Akaeleza wanavyopandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, kisha wanashuka kati ya vijiti, na anayewahi kufika chini ndiye bingwa.

"Mwalimu, umuulize," fundi cherehani mmoja wa Fizi akaniambia. "Kama alikuwa tayari kule juu, na hakuna mwenye kumukimbiza, haraka ilikuwa ya nini?"

Watu wakacheka. Swali sikulitafsiri, kwa kuwa lilikuwa langu pia.

Ndipo akapandisha suruali, akaonyesha makovu ya goti. Alipasuliwa mara mbili, akaambiwa aache. Ushindi wake mkubwa ukaja baada ya hapo. Nikamwona mama akivuta kitenge cha mdogo wangu kimfunike miguu vizuri.

Mdogo wangu aliumia goti korongoni siku tuliyokimbia. Mama alilizungushia vitambaa, akamfundisha kutembea mbele ya wageni bila kuchechemea. Kambini watu waliamini kwamba wagonjwa hawapelekwi Ulaya, na kwamba kila mgeni amekuja kuchagua. Nilikuwa nimeuliza mara nyingi nani aliyesema hivyo. Hakuna aliyejua. Hata hivyo nilikuwa nimenyamaza miaka miwili.

Nje, bingwa aliwaomba wasichana washuke mteremko mfupi kuelekea bombani, magoti yakiwa yamekunjwa. Mdogo wangu akashuka nao. Uso wake ulitulia kabisa, lakini bingwa hakuwa anatazama nyuso. Akamsimamisha, akachuchumaa, akagusa vitambaa kupitia kitenge.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Mama alikuwa ameshafika. "Sema ni jana," akaninong'oneza. "Ukisema ya Uvira, dosiye yetu ya kwenda Ulaya njo inakufa."

Bingwa akaanza kuzungumza bila kungoja jibu: naye aliwahi kumficha kocha wake goti msimu mzima, asiondolewe timuni, na upasuaji wa pili ulitokana na kuficha huko. Nikamtafsiria mama yote.

"Na walimutosha mu timu?" mama akauliza.

Ningeweza kudanganya. Bingwa alijibu kwamba ndiyo, walimtoa, akakaa mwaka mzima nyumbani, nami nikatafsiri hivyo hivyo.

Mama akatazama watu waliokuwa wanatutazama. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kufungua vitambaa mwenyewe, taratibu, na nilipoliona goti lile mchana kweupe niligeuza uso.

"Miaka miwili," nikamwambia bingwa.

Kesho yake gari lililomleta bingwa lilitupeleka hospitali ya Lilongwe. Daktari alipomaliza kuandika, mama aliniagiza nimwombe asiipeleke karatasi ile kambini. Nilimwomba. Alisema lazima ipelekwe, na mdogo wangu, akiwa tayari kitandani, akamwambia mama aache kubembeleza, aende akale.