Picha ya Siku ya Kazi

Baba yake alipooneshwa picha ya dada yake mwenyewe, dada wa tumbo moja, aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa adabu, akauliza, "Huyu mheshimiwa ni mke wa waziri gani?"

Kibiriti alicheka kwanza. Kisha akaingia bafuni, akafungua bomba ili asisikike akilia.

Kibiriti si jina lililoandikwa kwenye hati zake. Shangazi yake, huyohuyo wa kwenye picha, ndiye aliyembandika jina hilo utotoni, kwa sababu alikuwa mdogo, mwembamba, na ukimgusa tu anawaka. Sasa ana miaka arobaini na mmoja na hawaki ovyo. Kwa miaka kumi na mitatu amefanya kazi ugenini, katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Kazi yake ni shuka. Zinatoka kwenye mashine zikiwa nzito kama mtu aliyezimia. Anazikung'uta, anazipitisha kwenye pasi ndefu inayozunguka, mwenzake anazipokea upande wa pili, kisha wanakunja pamoja, kona kwa kona, mpaka saa ya kutoka. Baba alimfuata huko mama alipofariki. Wanaishi watatu, yeye, baba na mdogo wake wa kiume, katika vyumba viwili vya ghorofa ya nne.

Baba alikuwa fundi viatu. Mwaka mzima uliopita akili yake ilikuwa ikimwagika kidogokidogo, bila fujo. Watoto wake alikuwa bado anawajua, walau siku nyingi. Ila kila asubuhi alimuulizia dada yake: Ameamka? Amefungua kibanda? Mbona hasemi? Nao wakimwonesha picha, hamtambui. Wakimpigia simu, anaisikia sauti na kudhani ni redio.

"Dada, kosa si lake," mdogo wake alisema jioni moja, amezitandaza picha zote mezani. "Zitazame vizuri. Hata mimi hapa shangazi simjui."

Ilikuwa kweli. Picha zote zilizotoka nyumbani zilikuwa za harusi na mahafali. Shangazi amepakwa poda mpaka shingoni, amevaa miwani ya kuazima, amesimama wima kama nguzo ya umeme. Hakuna hata moja aliyopigwa akifanya kazi, akikaripia mtu, akijikuna. Baba alikuwa anatafuta mtu aliyemfahamu, na wao walikuwa wanampa wageni rasmi.

Kibiriti akaomba likizo ya wiki tatu, akafungasha, akasafiri.

Alianza kupiga picha hata kabla hajavuka mpaka wa nchi yake. Hakupiga sanamu wala jua likizama, bali vitu vya kila siku ambavyo baba angeweza kuvitambua. Alipiga kiti cha kusubiria abiria ambacho ngozi yake imepasuka na kutoa sponji kama ulimi. Alipiga ndoo ya bluu iliyowekwa kuzuia mlango usijifunge. Alipiga kisogo cha dereva wa basi, karani wa tiketi aliyechomeka kalamu kwenye nywele na kuanza kuitafuta mezani, na mzee mmoja aliyekuwa akikunja gazeti mara nne ili asome habari moja tu. Kila kituo alishuka, akapiga, akapanda tena. Abiria wa kiti cha jirani alivumilia weee, mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Samahani, dada. Hivi huko unakotoka hakuna ndoo?"

"Zipo."

"Basi hizi zetu zina nini?"

"Zina baba yangu," Kibiriti alijibu, na yule abiria akaona afadhali alale.

Aliposhuka mtaani kwao, bado na begi begani, alisimama mbele ya bomba la umma. Hapo ndipo baba alipokuwa akilowesha ngozi zake asubuhi. Akapiga picha. Mama mmoja mwenye ndoo akamsogelea.

"Wewe ni wa maji?"

"Hapana, mama. Nimepita tu."

"Mpita njia gani anapiga picha bomba kavu? Kama ni wa maji, sema. Wiki mbili hatujaona tone."

"Kweli si wa maji."

"Anaogopa kusema," mwingine akadakia kwa nyuma. Kufumba na kufumbua walikuwa sita, kila mtu na lake, na mmoja akainua ndoo yake tupu usawa wa kamera akitaka ipigwe kwa karibu, ndani kabisa, wakubwa waone. Kibiriti akaipiga. Angefanyaje?

Kibanda cha shangazi kilikuwa kimehamia kona ya pili, kati ya duka la kutoa nakala na geti la shule. Mabati manne, meza fupi, kopo la gundi, misumari ndani ya kifuniko cha chupa, na viatu visivyopungua jozi thelathini vimepangwa chini, vingi vikisubiri wenyewe. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, peku. Mguu wa kulia juu, wa kushoto chini, na katikati ya nyayo zake kiatu cheusi cha shule kimebanwa barabara, hakiendi mbele wala nyuma. Mikono yote miwili ilikuwa huru, mmoja na sindano nene, mwingine ukivuta uzi uliopakwa nta. Baba ndiye aliyemfundisha kushona hivyo. Wengine hubana kiatu kwa magoti. Katika mji mzima, wawili hao tu ndio waliobana kwa nyayo.

Kibiriti aliona mara moja kwamba picha aliyoijia ndiyo hiyo. Akainua simu.

"Iweke chini."

"Shangazi! Ni mimi!"

"Najua ni wewe. Kibiriti changu nitakisahau? Iweke chini kwanza, ndipo uje unikumbatie."

Akaiweka. Wakakumbatiana mpaka begi likaanguka. Shangazi akamgeuza huku na huku kama anayekagua kiatu, akasema amekonda, akauliza habari za kaka yake. Aliposikia ile ya mke wa waziri alicheka kwa sauti. Akachukua kitambaa, akapangusa mikono iliyokuwa tayari mikavu.

"Hanijui?"

"Hakujui kwenye zile picha. Ndiyo maana nimekuja. Nikupige hivihivi, ukiwa kazini. Akiona unavyobana kiatu, atajua."

"Jumapili nitavaa vizuri. Tutapiga mpaka uchoke."

"Za Jumapili anazo."

"Basi hizo zinamtosha." Akaurudia uzi wake. "Peku sipigwi, mwanangu. Niombe lingine lolote."

Siku tatu Kibiriti alimzunguka kwa maneno, na siku tatu shangazi alikaa ngumu. Kila simu ilipotoka mfukoni, miguu ilijificha chini ya kipande cha turubai. Siku ya nne, asubuhi, wateja wakiwa bado hawajafika, shangazi akamtolea uvivu.

"Unadhani najishaua tu, siyo? Sikiliza. Miaka sita iliyopita alikuja mtu na kamera kubwa hapa. Mabuti yake yamefumka soli zote mbili. Nikambandikia, akavaa, akakanyagakanyaga, akafurahi. Akaniambia, mama, endelea na kazi, usijali. Mimi nikaendelea. Akapiga, akaaga, akaenda. Mwaka uliofuata naingia zahanati kupima macho, nakutana na nani ukutani? Na mimi. Nimo kwenye kalenda, mwezi wa nane. Nimekaa peku, na chini wameandika: Mpe mama huyu jozi yake ya kwanza ya viatu."

Kibiriti alionesha viatu vilivyopangwa chini. "Na hivi viatu vyote ulivyozungukwa navyo?"

"Walivikata. Walibakisha mimi na vumbi." Aliuma uzi, akautema. "Muuguzi akanionea huruma, akaniletea ndala zake kwenye mfuko. Mkanda umekatika. Nikamshonea, nikamrudishia. Lakini mtaa ukaninyanyasa: Mama Peku! Mama Peku, umeshapata jozi? Mwaka mzima."

Hapo Kibiriti aliwaka kama zamani. Mtu yule alitoka pale akitembea juu ya soli za mikono ya shangazi, akaenda kuiambia dunia kwamba mikono hiyo inaomba. Hakuuliza jina lake. Hakuuliza kwa nini anavua viatu akianza kazi na kuvivaa akimaliza, kama kila fundi aliye na utaratibu wake. Swali moja tu lingetosha. Kibiriti aliyasema yote hayo akiwa amesimama, akitikisa mikono, mpaka mwenye duka la nakala akatoa kichwa dirishani.

"Kaa," shangazi alisema. "Hasira ninayo ya kutosha, sihitaji nyingine. Nijibu kitu kimoja. Na wewe picha yako ya kazini iko wapi?"

"Yangu?"

"Yako. Kwangu ukuta mzima ni wewe. Wewe na gari jekundu. Wewe na jengo la vioo. Wewe na maua. Miaka kumi na mitatu. Umesema uko hotelini, ofisini. Hiyo ofisi sijawahi kuiona hata mguu wa meza."

Uso wa Kibiriti ukamshuka. Gari lile lilikuwa la mgeni wa hoteli, naye alisimama kando yake kwa dakika moja, mlinzi akiwa amegeuka. Neno ofisini aliliandika mwenyewe kwenye barua ya kwanza, akashindwa kulifuta katika zote zilizofuata.

Picha moja ya kweli alikuwa nayo. Mwenzake wa upande wa pili wa pasi aliipiga kwa utani, saa ya chakula. Hakuwahi kumwonesha mtu, ila hakuwahi kuifuta pia. Aliitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akampa shangazi simu.

Ndani ya picha amelala chali juu ya lundo la shuka chafu, mdomo wazi, kofia ya plastiki imemshukia jicho moja. Aproni ya mpira imelowa. Amevua viatu, na vifundo vya miguu vimevimba.

Shangazi aliitazama. Alitumia vidole viwili kuikuza, kama alivyofundishwa na wajukuu.

"Hapa ni saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Umesimama tangu?"

"Kumi na moja alfajiri."

"Viatu unavyovaa vina kisigino gani?"

"Bapa."

"Bapa kabisa? Wanakuua. Unataka kinyanyuke hivi." Akaonesha unene wa kidole. "Nitakutengenezea." Kisha akairudisha simu. "Hii nataka itolewe kwenye karatasi. Naiweka ukutani, palepale lilipo gari."

"Shangazi, hapana! Majirani wanaingia pale. Watanicheka."

"Watakucheka."

"Watasema nilidanganya."

"Si ulidanganya?" Hakusema kwa ukali. "Mwanangu, unaniomba nilichokuomba mimi sasa hivi, na umeruka kama umekanyaga msumari. Mimi nilipigwa bila kuulizwa. Wewe nakuuliza. Yako iwe kwangu, yangu iwe kwa kaka. Hutaki, basi, tubaki ndugu, unywe chai, urudi salama."

Kibiriti alikaa kwenye kigoda cha wateja. Alifikiria jirani wa mlango wa pili, ambaye kila mwaka alimtaka amtafutie kazi hukohuko ofisini. Alimfikiria baba akiirudisha ile picha kwa adabu. Halafu akainuka, akapiga hatua saba mpaka duka la nakala, na kusema kwa sauti kavu, "Nitolee hii. Kubwa. Ya rangi."

Mwenye duka aliitazama skrini, akamtazama Kibiriti, akataka kucheka. Akaona macho yake, akaacha.

Shangazi aliipokea karatasi ikiwa bado na moto. Akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaiweka ndani ya bahasha ya oda za wateja, kisha akavua viatu. Akachagua kiatu kimoja cha kike chenye soli iliyoachia, akakibana kati ya nyayo.

"Na hivi vyote viingie," aliamuru, akionesha jozi zilizopangwa chini. "Ukikata hata kimoja, nitakujua."

Kibiriti alipiga picha ishirini na mbili. Shangazi alizikagua zote, akafuta ishirini na moja bila huruma: hapa nimepinda, hapa huyu mteja wa nyuma anaonesha meno, hapa gundi iko wazi watasema mimi mchafu. Iliyobaki ikatumwa kwa mdogo wa Kibiriti.

Wakasubiri. Mteja mmoja akaja kuchukua kiatu cha shule, mwingine akaleta kandambili. Simu ikalia, Kibiriti akaiweka sauti ya juu.

"Dada," mdogo wake alisema, "amekaa nayo. Haongei na mimi. Anaongea na picha."

"Anasemaje?"

"Anagomba. Subiri, nimsogezee."

Sauti ya baba ikatoka, ya mtu aliyekatishwa kazi yake. "Mwambieni huyu mtoto ageuze kigoda! Kwa nini amekaa kuelekea jua? Macho yenyewe hana. Nimemwambia mara ngapi akae aupe ukuta uso?"

Shangazi aliacha sindano hewani. Katika maisha yote, mtu mmoja tu ndiye aliyemwita mtoto mbele ya wateja. Akainyakua simu.

"Nimehama ile kona, kaka! Hapa jua linatoka nyuma yangu!"

"Unanidanganya. Kivuli nakiona."

"Kivuli cha geti hicho! Geti la shule!"

"Hakuna geti pale."

"Lipo! Nimekwambia nimehama!" Alikuwa amesimama sasa, machozi yanamtiririka, wala hayafuti, na mkono mmoja unamvuta Kibiriti begani. "Huyu habadiliki. Anabisha vilevile. We Kibiriti, umesimama tu? Toka nje, piga geti. Piga na ukuta huu, na lile duka, na jua lilipo. Piga kila kitu, aone mwenyewe."