Bega Lilipona, Vidonge Vikabaki

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake iko Laini Saba, karibu kabisa na reli. Siku moja yeye na wenzake walikuwa wakipakia geti kwenye mkokoteni, likateleza, likamwangukia begani. Mfupa ukavunjika. Alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani Mashimoni mkono ukiwa umefungwa kifuani, na vidonge vya maumivu, tramadol, alivyoandikiwa na daktari. Nilimwona akilia kwa maumivu. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama. Kwa hiyo vidonge vile nilivishukuru kwa moyo wangu wote.

Bega lilipona, akarudi kazini. Lakini wifi yangu, mkewe, akaanza kunipigia simu kuniambia mambo madogo madogo ambayo yeye mwenyewe hakujua ayaiteje. Mume wake anasinzia akiwa katikati ya mazungumzo. Anajikuna pua na shingo mpaka anajichubua. Hana hamu ya chakula, choo hapati. Akiulizwa anafoka, na hakuwa mtu wa kufoka.

"Labda amepata mwanamke," wifi alisema.

"Labda ni uchovu," nikamjibu.

Mimi nashona nguo huku Kabiro, Kawangware. Baada ya simu ile nilishona mkono wa blauzi upande usiofaa, nikaufumua, nikaushona vilevile tena.

Kisha kaka akaanza kuja kwangu. Alisema amepata kazi ya madirisha upande huu. Alikuwa akifika mchana, anakaa kwenye benchi la wateja, ananitania kidogo, halafu anasema anaenda kutafuta maji ya kunywa. Maji nilikuwa nayo hapo hapo kwenye jerikeni. Akirudi, baada ya muda kidogo tu, alikuwa mpole, kope zimelegea, mboni za macho zimekuwa vidoa. Nilikuwa nayaona yote hayo bila kujua ninaona nini. Nilichojua ni kwamba nikimwona akitokea kule barabarani, naacha kushona.

Nilikuja kuelewa siku niliyoenda duka la dawa pale kona kununua dawa ya kikohozi. Msichana anayeuza alinitazama, akasita.

"Yule fundi mrefu anayekaa kwako, ni ndugu yako?"

"Ni kaka yangu. Kwani kuna nini?"

"Mwambie asije tena, tafadhali. Bosi amekataa nimuuzie bila karatasi ya daktari. Juzi alinibembeleza mpaka nikaogopa."

"Alitaka nini?"

Akashusha sauti. "Zile za maumivu."

Nilirudi kibandani, nikakaa kwenye benchi la wateja. Mtaani tumezoea walevi wa chang'aa na vijana wa kunusa gundi. Hao tunawajua kwa harufu kabla hawajafika. Dawa ya hospitali haina harufu. Inamezwa na maji safi, mbele ya watu, na hakuna anayeshtuka.

Alipokuja tena nilisimamisha cherehani.

"Bado unameza zile dawa?"

"Bega linauma."

"Ni bega kweli?"

"Mimi si mlevi," akasema. "Hizi ni dawa. Daktari ndiye aliniandikia."

"Sijakuita mlevi."

"Nikizikosa asubuhi, mikono inatetemeka. Siwezi kuchomelea hata bawaba. Nikimeza ndio nakuwa sawa. Sio raha, usifikirie ni raha. Ni kuwa sawa tu, kama wewe ulivyo hapo."

Kisha akatoa vidonge mfukoni, akaviweka juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. "Chukua. Nimeachana nazo leo."

Nilimpigia wifi, nikamweleza yote, tukafurahi pamoja. Hatukujua kinachotusubiri.

Kesho yake wifi alinipigia akilia. Nilipofika Mashimoni nilimkuta kaka kitandani, jasho linamtiririka, anapiga miayo mfululizo, makamasi yanamtoka, miguu haitulii. Tumbo lilikuwa linamkimbiza chooni kila mara. Tukasema ni malaria. Wakati wifi anamvalisha shati ili tumpeleke kliniki, macho yakageuka juu, mwili wote ukakakamaa, akaanza kutupatupa mikono. Majirani waliingia, wakamlaza kwa ubavu, na alipotulia wakatusaidia kumbeba.

Daktari pale kliniki, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, aliuliza ni dawa gani anatumia. Wifi akanitazama. Nikazitaja mimi.

"Na ameziacha kwa mara moja?"

"Jana. Mwenyewe aliamua."

"Aliamua vizuri, lakini njia ndiyo mbaya," alisema. Akatueleza kwamba vidonge hivi vikizidishwa, au vikikatwa ghafla baada ya muda mrefu, vinaweza kuleta degedege kama la kifafa. Mwili ulishazoea. Huwa vinapunguzwa polepole, mgonjwa akiangaliwa. Kisha akamgeukia kaka mwenyewe, aliyekuwa ameamka. "Umewahi kupanga kumeza kimoja ukajikuta umemeza zaidi?"

Kaka akaitikia kwa kichwa. "Nilijaribu kuacha, nikashindwa. Nikajiona mimi ni mnyonge."

"Wewe ni mgonjwa. Ugonjwa huu una matibabu."

Wifi akawa ndiye anayemtolea dawa kama daktari alivyoelekeza, na kaka akawa anaenda kliniki kuzungumza na mshauri. Kuna mara moja alinunua vidonge mahali pengine. Alituambia mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa. Baada ya hapo kila simu ya wifi niliipokea kabla haijalia mara ya pili, hata kama alitaka kuniuliza tu bei ya kitambaa.

Alipomaliza kupunguziwa dawa, akaziacha kabisa, jino lake moja likaoza. Nilimsindikiza kung'oa, na kule kwenye viti vya kusubiria nilikuwa nikiwaza tu watampa nini cha maumivu. Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa haujafungwa vizuri. Nilimsikia akisema, kabla hata hajaketi, "Daktari, kuna dawa za maumivu zilinishika vibaya. Tafadhali usinipe za aina ile."

Alitoka na pamba mdomoni na dawa za kawaida mkononi. Siku ile nzima alikaa kwangu, ameshika shavu, anakunywa uji uliopoa, anaguna. Nilishona kidogo sana. Kila alipoinuka kujinyoosha, nami niliinuka, nikamchotea maji asije akaenda kuyatafuta.