Ndama Wamekula Utafiti Wangu

Jamani, utafiti wangu wa chuo umeliwa leo asubuhi.
Umeliwa kweli, na ndama.

Miezi mitano nimezungushia uzio kipande cha malisho hapa Nyarero, nipime nyasi zinaotaje mifugo isipoingia.

Leo nafika na rula na daftari, nakuta ndama wanne ndani. Babu kawafungulia mwenyewe, anatabasamu.

"Shikamoo, babu."
"Marahaba. Nani mwingine angewawekea ndama nyasi kiangazi hiki? Kweli umesoma!"

Kwetu nyasi za uzioni ni za ndama. Najua. Na sikuwahi kumweleza kwamba hizi ni za kupima.

Nikasema asante.

Msimamizi anataka vipimo Ijumaa. Mvua hakuna, nyasi hazioti tena.

Na babu bado anawatangazia majirani kwamba nimesoma.