Picha za Shimla

Nasr bin Thabit alikaa forodhani miaka ishirini na tisa, na muda wote huo alilipwa kwa kutowaamini watu. Alimtazama msafiri viatu kabla ya uso. Akiambiwa sandukuni mna nguo tu, aliitikia "inshallah" huku mkono wake ushafika chini kabisa, kwenye kona. Alipostaafu, kazi aliiacha lakini jicho alirudi nalo nyumbani Ghubra. Marehemu mkewe, Sayyida, akitoka kumtazama dada yake mtaa wa Ruwi, akirudi husimama mlangoni akacheka: "Haya afande, nikague." Alicheka hivyo miaka mingi. Miaka ya mwisho hakucheka tena.

Nasr akabaki na binti yao Lamya, mwenye miaka thalathini na minne, mhandisi wa maji katika ofisi moja ya Qurum. Mwezi wa Oktoba, Lamya akamwambia kuwa anapelekwa Shimla, kwenye milima ya Himalaya, kusomea chemchemi wiki mbili.

"Chemchemi gani ya kusomwa wiki mbili?"

"Za huko zinakauka, Baba, kama zetu."

Barua ya ofisi Nasr aliiona. Muhuri wake aliupeleka kwenye mwanga, akaugeuza mara mbili.

Picha za mwanzo zilikuja vizuri kwenye simu: nyumba zilizopandana mlimani, na kanisa la manjano juu kabisa. Chini ya kila picha Lamya aliandika: Shimla. Siku ya nane ikaja picha ya soko, nyuma yake mto mpana. Shimla. Siku ya kumi, vichaka vya kijani vilivyokatwa sawasawa, Lamya amesimama kati yake anacheka, na nyuma milima ya theluji. Shimla. Na pale chini, juu ya majani, kivuli cha mtu aliyeipiga picha.

Nasr akaikuza kwa vidole. Kivuli kirefu, mabega mapana. Kaolewa kwa siri, alijisemea. Au ndiyo anaolewa.

Asubuhi akenda kwa kinyozi wake, Aziz, mtu wa Chamba, mji wa milima hiyohiyo. Hakusema kuwa picha ni za mwanawe. Uso wa Lamya aliufunika kwa kidole gumba.

"Rafiki yangu anasema yuko Shimla," alimwambia kwa Kiarabu.

Aziz akajifuta povu mikononi, akazitazama moja moja. "Hii Shimla kweli, kanisa hili nalijua. Lakini hii siyo. Shimla imekaa mgongoni mwa mlima, haina mto kama huu. Hii ni Mandi. Na hii ya vichaka vya chai ni Palampur. Nimenyoa watu pale miaka mitatu." Akamrudishia simu. "Rafiki yako anakudanganya, mzee."

Nasr akatoka, shavu moja halijanyolewa.

Lamya aliporudi, baba yake alimpokea uwanja wa ndege, akaendesha gari mpaka nyumbani. Sebuleni, kabla binti hajavua viatu, akamuuliza: "Mandi ulikwenda na nani?"

Lamya akakaa juu ya sanduku lake. "Nani kakwambia Mandi?"

"Mimi nauliza."

"Masomo yalikwisha mapema, siku ya saba, Baba. Zilizobaki zilikuwa siku zangu. Nikapanda basi nikenda Mandi, kisha Palampur. Peke yangu."

"Na kwa nini unaandika Shimla?"

"Kwa sababu ningesema Mandi, ungeuliza Mandi kuna nini. Ningesema Palampur, ungeuliza nani kanipeleka, nalala wapi, mlango una kufuli gani. Shimla ushamaliza kuiuliza. Nilitaka kutembea kidogo tu."

"Na kivuli?"

"Cha mama mwenye nyumba ya wageni. Alivaa koti la mumewe, kulikuwa na baridi." Lamya akatoa simu, akatafuta namba, akaiweka mezani mbele ya baba yake. "Mpigie. Muulize utakavyo."

Nasr akaitazama ile namba. Njia ya kuuliza aliijua: angeanza na rangi ya koti, kisha saa, kisha arudi kwenye koti kwa njia nyingine. Kidole kilikuwa kishakaribia kioo. Akainua macho, akamwona mwanawe amefunga mikono kifuani. Hana hofu, kachoka tu.

"Iondoe," alisema.

"Umeniamini?"

"Sijui." Na kweli hakujua. "Lakini iondoe."

Lamya akaichukua simu. Akainama kuvua viatu. Mwisho Nasr akauliza, taratibu: "Hiyo Palampur, ni pazuri?"

Hakuwa na jengine alilokusudia. Lakini Lamya alimtazama baba yake usoni, anautafuta mtego wa swali uko wapi.