Ngoma Iliyokatwa Kabla Binti Yangu Hajashuka

Wenye ukurasa, ficheni jina langu, lakini msiyapunguze makali maneno yangu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, mwalimu wa shule ya msingi huku Mbumbuni. Nimesoma sana, nimegombana na machifu, wachungaji na wazee wa ukoo, na sijawahi kumwomba mtu ushauri. Leo naomba.

Binti yangu, nitamwita Ndinda, ana miaka kumi na tisa. Alianza kucheza kabla hajajua kusema. Alipomaliza kidato cha nne alijiunga na kikundi cha wachezaji wa jukwaani Nairobi, akafunzwa kuzunguka kwa ncha za vidole vya miguu kama Wazungu. Aliporudi nyumbani alikuja na wazo lake mwenyewe: kuitia miondoko ile ndani ya kilumi, ngoma ambayo nyanya zetu huipiga kuomba mvua na kutuliza pepo. Mpigaji wa kilumi kijijini kwetu ni mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita susu, yaani nyanya. Nilidhani atamfukuza. Kumbe alicheka.

"Aiya! Miguu hii umeiiba kwangu. Lakini sikia, mwana wakwa. Ngoma hii haikatwi. Nikianza, siachi mpaka ushuke mwenyewe."

Mimi nilichukulia hayo kuwa maneno ya wazee.

Siku ya sherehe uwanjani, Ndinda alicheza mpaka wanaume wakasahau kutafuna miraa. Nilimwona mtoto wangu akiwa juu, mkono mmoja umeinuliwa, macho hayamwoni mtu. Ndipo chifu wetu, bwana asiyejua tofauti ya ngoma na debe, akapunga kifimbo. Bwana D.O., mkubwa wake wa serikali, alikuwa amefika na alitaka kuhutubia.

"Inatosha, mama!"

"Haikatwi!" susu alipiga kelele. "Mtoto bado yuko huko!"

"Huko wapi? Si ndiye huyu hapa?"

Watu walicheka. Askari akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma, na ngoma ikanyamaza.

Lakini Ndinda hakuacha. Aliendelea kucheza kimya kimya, na kicheko kikafa kidogo kidogo. Mwishowe alibaki na mkono juu, hapumui, kisha akaanguka. D.O. alihutubia kuhusu mabwawa ya maji.

Tangu siku ile, akisikia mdundo wowote, anasimama. Jirani akitwanga mahindi, anasimama. Anacheza kuanzia mwanzo mpaka pale pale ngoma ilipokatwa, anainua mkono, na pumzi inakata. Kila mara inachelewa zaidi kurudi. Juzi midomo ilikuwa imekuwa ya kijivu.

Msiniandikie kwamba sikwenda hospitali. Nilikwenda. Daktari alimpima akasema haoni kitu, akanipa vidonge vya kumlaza. Mchungaji naye alikuja. "Mwalimu, leta hiyo ngoma tuichome." Nikamwambia, "Mchungaji, siku ile uliipigia makofi." Aliondoka bila kunywa chai.

Ndinda mwenyewe hana hofu, na hilo ndilo linalonitisha. "Mwaitu, mama yangu," huniambia, "mwache susu amalizie. Kuna mahali nilikuwa karibu kufika. Ni pazuri."

Nilimkabili susu. Nikamuuliza kama amewahi kuona ngoma iliyokatwa ikimaliziwa. Alikaa akisugua vidole vyake vilivyovimba.

"Mara moja, nikiwa msichana. Dada yangu."

"Akapona?"

"Alicheza mpaka mwisho. Akashuka vizuri, akitabasamu."

"Halafu?"

"Halafu akalala. Hatukuweza kumwamsha." Akanitazama. "Lakini mwalimu, huyu wako anakufa kidogo kidogo. Na mikono yangu haitashika ngoma muda mrefu. Nikiondoka, nani atajua pa kuendelea?"

Mimi siamini pepo. Naamini ugonjwa, naamini mshtuko, naamini upumbavu wa wenye vifimbo. Lakini hakuna kitabu nilichosoma kinachoniambia nimzuie mtoto au nimwachilie.

Mmeona jinsi ukame ulivyotuchoma mwaka huu. Makanisa yanakesha, watu wanalia mvua. Ukambani kote, nadhani mimi peke yangu ndiye ninayeomba isinyeshe. Nyumba yangu ni ya mabati, na mvua ya kwetu ikianza kudunda juu yake haijui kunyamaza. Ndinda anajua. Ameanza kuhamisha viti vya sebuleni vikae ukutani, na kila asubuhi hutoka nje kuangalia anga.

Leo mawingu yamepanda upande wa Kambu. Majirani wanaimba. Susu ameanika ngoma juani ngozi ikazwe, na ananingoja niseme neno.

Nishaurini, nyinyi mliozaa. Nimwambie apige, au nimwambie aache? Jibuni upesi, kabla bati halijaanza.